Makopa Salama: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuanzisha Biashara ya Muhogo Mkavu

Muhogo ukishang'olewa hauna subira. Ndani ya siku mbili au tatu mistari myeusi huanza kuonekana katika nyama yake, na baada ya hapo hauliki vizuri wala hauuziki. Ndiyo sababu, tangu zamani, wakazi wa Mtwara, Lindi, Ruvuma, Kigoma na mikoa ya Kanda ya Ziwa wameumenya, wakaupasua na kuuanika hadi ukawa makopa, chakula kinachoweza kungoja msimu mwingine. Makopa yakisagwa hutoa unga wa ugali, ule ambao watu wa pwani huuita bada, na unga huo huo huweza kuchanganywa na ngano katika maandazi na mikate.

Katika miaka ya karibuni wengi wametaka kuigeuza kazi hii ya nyumbani kuwa biashara: mstaafu mwenye shamba dogo, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, kijana mwenye ekari mbili za muhogo uliokosa mnunuzi. Makubaliano ya mwaka 2017 kati ya Tanzania na China kuhusu muhogo mkavu kuingia katika soko la China yaliongeza matumaini hayo. Tunayaheshimu, na makala haya hayakuandikwa ili kuyazima. Yameandikwa kwa sababu wanaoanza biashara hii kwa kawaida huuliza kwanza bei ya mashine, ilhali swali linaloamua faida yao na usalama wa wateja wao linahusu maji.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini kijitabu cha mlaji kizungumzie uzalishaji. Jibu ni kwamba mwenye kuanzisha biashara ndogo ya makopa ni mlaji mara mbili. Hununua muhogo, mashine, mifuko na huduma za usafirishaji, na anaweza kupunjwa katika kila kimoja. Kisha yeye na watoto wake ndio watu wa kwanza kula kile alichokikausha.

Hesabu ya maji

Muhogo mbichi uliomenywa una maji kiasi cha asilimia 60 hadi 70. Anayenunua tani moja ya muhogo kwa lengo la kuukausha, basi, hununua zaidi ya nusu tani ya maji ambayo kazi yake yote itakuwa kuyaondoa. Kabla ya hapo yapo maganda, vikonyo na mizizi iliyooza. Kwa kumenya kwa kisu, sehemu hiyo huchukua kama moja ya tano ya uzito. Kilo 1,000 za muhogo kutoka shambani hubaki kilo 800 baada ya kumenywa, na kilo hizo 800 zikikauka ipasavyo hutoa makopa ya uzito wa karibu kilo 300. Muhogo uliojaa wanga utatoa zaidi kidogo. Ulionyeshewa mvua nyingi kabla ya kuvunwa utatoa pungufu.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Namba zake ni za mfano tu, na kila mmoja aziondoe aweke za kijijini kwake. Tuseme kilo moja ya muhogo mbichi inauzwa shilingi 200. Tani moja itagharimu shilingi 200,000. Tuongeze 30,000 za kuung'oa na kuubeba, 40,000 za kumenya na kuosha, na 20,000 za maji, mifuko na matengenezo madogo. Jumla ni shilingi 290,000 kwa kilo 300 za makopa, yaani takriban shilingi 970 kwa kila kilo. Iwapo mnunuzi wa jumla katika eneo hilo hutoa shilingi 700, mwenye biashara hii atakuwa anapoteza shilingi 270 katika kila kilo anayoipima, na kadiri atakavyoongeza bidii ndivyo atakavyozidi kupoteza.

Tunashauri hesabu hiyo ifanywe kwa kalamu na karatasi kabla ya kununua hata kisu kimoja. Ikionekana kwamba bei ya kilo ya makopa haizidi bei ya kilo tatu na nusu za muhogo mbichi, biashara ya kununua muhogo kwa watu wengine na kuukausha haifai mahali hapo. Inaweza bado kumfaa mwenye shamba lake, ambaye muhogo wake ungeozea ardhini kwa kukosa soko, au kikundi kinachosaga unga wake na kuufunga katika paketi za kilo moja au mbili, kwa sababu faida kubwa zaidi huwa katika unga uliofungwa na wenye jina linaloaminika.

Hesabu hiyo inafundisha jambo jingine. Gharama ya kubeba maji ni ya bure kabisa, haina malipo mwisho wa safari. Eneo la kukaushia liwe karibu na shamba, si karibu na soko. Muhogo umenywe na kuanza kusindikwa siku ile ile ulipong'olewa, au kwa kuchelewa sana siku inayofuata. Mzalishaji anayeleta muhogo kwa lori kutoka umbali wa siku mbili hulipa nauli ya maji na kuvuna mistari myeusi.

Sumu iliyomo ndani

Sehemu hii tunaomba isomwe kwa utulivu na mtu yeyote anayekusudia kumuuzia mwenzake makopa.

Muhogo hujikinga na wadudu na wanyama kwa kuweka ndani yake kemikali ambayo, ikivunjika, hutoa sianidi, sumu kali inayojulikana sana. Katika mzizi ulio mzima, kemikali hiyo hukaa mahali pake na kimeng'enya cha kuivunja hukaa pengine. Mzizi unapokunwa, kupondwa au kulainika katika maji, viwili hivyo hukutana; sumu huachiliwa na, kwa kuwa hugeuka hewa kwa urahisi, hutoka na kupotea. Kumbe basi sumu huondoka wakati nyama ya muhogo imepondeka na bado ina unyevu. Ikikauka haraka ikiwa vipande vikubwa, kazi hiyo husimama katikati, na kilichosalia hufungiwa ndani ya kopa kikimsubiri mlaji.

Watu wengi huamini kuwa jua pekee hutosha. Vipimo vimeonyesha kuwa kuanika juani bila hatua nyingine huacha kati ya robo na theluthi ya sumu iliyokuwemo. Kwa masikio hiyo ni hatua kubwa, lakini tukumbuke hesabu ya maji: kilo moja ya muhogo uliomenywa imekuwa kopa la gramu 375. Ikiwa kilo hiyo ilikuwa na uwezo wa kutoa miligramu 40 za sianidi, kiasi ambacho huweza kupatikana hata katika muhogo unaoitwa mtamu, basi zikibaki miligramu 10 hadi 13 ndani ya gramu 375, kila kilo ya makopa itakuwa na miligramu 27 hadi 35. Kiwango cha juu kinachokubalika katika unga wa muhogo, kwa mujibu wa viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 10 kwa kilo. Muhogo mchungu huwa na sumu mara kadhaa ya mfano huu, na ukame huiongeza katika aina zote, pamoja na zile ambazo mwaka jana zilitafunwa mbichi shambani bila madhara.

Madhara ya sumu hii ni ya namna mbili. Kiasi kikubwa kwa mlo mmoja huleta kizunguzungu, kutapika, maumivu ya tumbo na kichwa, na huweza kuua, hasa watoto. Kiasi cha kati kinacholiwa kila siku kwa majuma kadhaa, na mtu ambaye mlo wake una upungufu wa protini, huweza kuleta konzo: miguu yote miwili hupooza ghafla, na haiponi. Jina hilo limetoka katika lugha ya Wayaka wa Kongo na lina maana ya miguu iliyofungwa. Waathirika wakubwa ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Tanzania imeuona ugonjwa huu. Ulitokea Tarime wakati wa ukame wa mwaka 1985, na mwaka 1988 huko Masasi watu waliugua kwa sumu ya muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha, kwa kuwa uhaba wa chakula uliwafanya wafupishe njia waliyoijua tangu kwa wazee wao.

Si njaa pekee inayofupisha njia. Katika eneo la Bandundu nchini Kongo, kujengwa kwa barabara ya lami kuelekea Kinshasa kuliwaletea wasindikaji wa vijijini soko kubwa la muhogo. Malori yalingoja na wanunuzi walikuwa na fedha mkononi. Muhogo uliokuwa ukilowekwa kwa siku tatu ukaanza kutolewa majini baada ya siku moja, na konzo ikazuka humo humo vijijini. Tunautaja mkasa huu kwa makusudi, maana hao hawakuwa watu wazembe wala wajinga wa muhogo. Walikuwa wafanyabiashara wadogo wenye mteja mwenye haraka, hali ambayo msomaji wetu anaweza kujikuta nayo katika mwezi wa kwanza wa biashara yake.

Njia za kuiondoa

Ya kwanza ni kuchagua mbegu. Wasindikaji wanaoanza watumie aina tamu zilizothibitishwa, na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, yaani TARI, pamoja na maafisa ugani wa halmashauri wanaweza kueleza ni ipi inafaa katika eneo husika. Kiroba, kwa mfano, ni jina linalofahamika sana kwa wakulima wa Pwani. Kuuonja mzizi si kipimo cha kutegemewa: uchungu mkali ni onyo la kweli, lakini utamu wa ulimi si cheti.

Ya pili ni kuloweka. Muhogo uliomenywa na kukatwa hutiwa katika chombo safi chenye mfuniko, ukafunikwa wote na maji safi kwa siku tatu, na katika nyanda za baridi siku nne au zaidi, mpaka uwe laini kiasi cha kuvunjika kwa vidole. Kisha humwagwa maji, huvunjwavunjwa na kuanikwa. Njia hii huondoa sehemu tisa au zaidi kati ya kumi za sumu, na ndiyo pekee tunayoweza kuipendekeza kwa muhogo mchungu. Hasara yake ni harufu ya uchachu, ambayo baadhi ya walaji huipenda na wengine, hasa wa mijini, huikataa.

Kwa mteja asiyetaka uchachu, ipo njia ya tatu: muhogo mtamu humenywa, huoshwa, hukunwa kwa mashine ya kuparaza, hukamuliwa maji kwa kibanio na kuanikwa mara moja. Kukuna huvunja nyama yote, kukamua huondoa maji yenye sumu na kupunguza muda wa kuanika, na unga wake huwa mweupe usio na harufu. Hapa ndipo mashine ina sababu ya kununuliwa. Mashine ya kukata vipande vyembamba, ambayo wauzaji huisifia kwa kuwa vipande hukauka kwa siku mbili, ina manufaa katika kuharakisha ukaushaji, lakini kwa upande wa sumu haraka hiyo si rafiki. Atakayeitumia awe na muhogo mtamu sana, na awe amepima makopa yake katika maabara.

Baadhi ya jamii za Kanda ya Ziwa huvundika: muhogo uliomenywa hulundikwa na kufunikwa kwa siku kadhaa hadi uote ukungu, kisha hukwanguliwa na kuanikwa. Kwa kuondoa sianidi, njia hii huishinda ile ya kuanika tu; hubakiza asilimia 12 hadi 17. Hata hivyo hatuishauri kwa biashara, kwa kuwa hakuna anayeweza kuchagua ni ukungu wa aina gani utakaoota, na baadhi yake hutengeneza sumukuvu.

Maganda na maji ya kulowekea yasisahaulike. Ganda lina sumu nyingi kuliko nyama. Mbuzi wa jirani akila maganda mabichi akafa, biashara itakuwa imepata adui kabla haijapata mteja. Maganda yaanikwe hadi yakauke kabisa au yafukiwe, na maji yamwagwe katika shimo lililo mbali na kisima na kijito.

Kuanika

Hadi hapa tumeomba muhogo upewe muda. Kuanzia unapoanikwa, sharti linageuka, nao unapaswa kukauka kwa kasi iwezekanavyo, maana muhogo uliolainika na wenye joto ni makao mazuri ya ukungu. Mvutano huu kati ya muda na haraka ndio ugumu wa kazi nzima, na wanaofeli mara nyingi hufeli kwa kuharakisha hatua ya kwanza na kuzembea ya pili.

Makopa yasianikwe juu ya udongo, kandokando ya barabara au juu ya mwamba ambako kuku na mbwa hupita. Kichanja cha miti chenye wavu, kilichoinuka kiasi cha kufikia kiuno, hupitisha hewa juu na chini na hakigharimu fedha nyingi. Muhogo utandazwe kwa wembamba, kilo tano hadi kumi kwa kila mita ya mraba, na ugeuzwe mara kadhaa kwa siku. Jioni uingizwe ndani au ufunikwe kwa turubai lisilogusa muhogo wenyewe. Maana ya kipimo hicho ni kwamba kilo 800 za muhogo uliomenywa huhitaji mita za mraba 80 hadi 160 za vichanja, na waanzilishi wengi hawalijui hili mpaka siku muhogo unapokuwa umekwisha kumenywa na hauna pa kulala. Ni heri kung'oa kilo 200 kwa siku na kuzikausha zote vizuri.

Mvua ikinyesha kwa siku mbili mfululizo na muhogo ukabadilika rangi kuwa kijani, nyeusi au ya waridi, usikwanguliwe wala kuchanganywa na mwingine. Sumukuvu haionekani kwa macho, haiondoki kwa kukwangua, na moto wa jikoni hauiui. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipoteza watu kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Makopa yenye ukungu yanaweza kubeba sumu hiyo hiyo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 tu katika sehemu bilioni moja, kiasi ambacho maabara pekee ndiyo inayoweza kukitambua. Kwa hiyo biashara hii ina msimu wake, nao ni wa kiangazi. Anayeahidi kuuza makopa mwaka mzima ajipange kuhifadhi.

Makopa yaliyokauka vizuri yana unyevu usiozidi asilimia 12. Kopa la namna hiyo huvunjika kwa mlio mkavu, halipindi, na ndani yake ni jeupe hadi katikati. Ukikosa kipima unyevu, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia vipande vidogo vya makopa pamoja na chumvi kavu, ziba, tikisa, kisha subiri kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15 na makopa yarudi juani. Isipoganda, usidhani kazi imekwisha, kwa kuwa kipimo hiki hakioni tofauti ya asilimia 12 na 14. Ongeza siku moja ya jua.

Kishawishi cha kuuza mapema ni kikubwa. Makopa yale yale ya kilo 300, yakiuzwa yakiwa na unyevu wa asilimia 16, yatapima kilo 314. Muuzaji amepata bei ya kilo 14 za maji, na mnunuzi amepata gunia litakaloota ukungu baada ya majuma machache. Wanunuzi wazoefu huchomeka mkono hadi katikati ya gunia, na sisi tunawashauri walaji wote wafanye hivyo.

Kuhifadhi na dumuzi

Makopa makavu yana adui mmoja mashuhuri. Ni dumuzi, mdudu mgeni aliyetoka Amerika na kugunduliwa hapa nchini kwanza katika mkoa wa Tabora. Wakulima walimpachika jina la Scania kwa jinsi alivyobomoa mahindi ghalani. Anayajua mahindi, lakini makopa anayapenda vilevile, na katika miezi michache huweza kuyageuza vumbi. Mifuko isiyopitisha hewa, ikijazwa makopa makavu na kufungwa sawasawa, humkosesha pumzi bila dawa yoyote. Viuatilifu visitumike kwa kukisia: dawa iliyoandikwa kuwa ni ya mahindi isitiwe katika makopa ambayo mtu atayasaga juma lijalo. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta, na yale ya mavuno mapya yasichanganywe na ya zamani.

Vibali, vipimo na mizani

Kuhusu taratibu za kisheria hatutasema mengi, kwa kuwa ofisi husika hueleza ada na fomu zake. Mwenye biashara atahitaji namba ya utambulisho wa mlipakodi kutoka TRA, leseni ya biashara kutoka halmashauri yake na, akitaka jina la biashara, usajili wa BRELA. Kwa kuwa makopa na unga ni chakula, jengo na bidhaa vinapaswa kusajiliwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula. TBS ina utaratibu wa kuwahudumia wajasiriamali wadogo wanaotambulishwa na SIDO, na tunashauri kuanzia kwa SIDO ya mkoa, ambako pia kuna mafunzo na mashine zinazotengenezwa nchini.

Jambo tunalolisisitiza ni mpangilio wa hatua. Tengeneza kwanza kilo 20 au 30 kwa njia unayokusudia kuitumia, peleka sampuli maabara ipimwe sianidi, unyevu na sumukuvu, na usubiri majibu kabla ya kukopa fedha za mashine. Gharama ya vipimo huwakera wengi. Ni ndogo ikilinganishwa na marejesho ya mkopo wa mashine iliyosimama.

Mashine inunuliwe ikiwa imewashwa na kujaribiwa kwa muhogo wako mwenyewe, mbele yako. Sehemu zinazogusa chakula ziwe za chuma kisichoshika kutu. Dai risiti ya kielektroniki na hati ya dhamana yenye muda uliotajwa, na uulize vipuri hupatikana wapi. Muuzaji anayesema “usijali, tutaelewana” hajaandika chochote.

Muhogo ununuliwe na makopa yauzwe kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, yenye stika ya mwaka husika. Kiroba, debe na gunia la lumbesa si vipimo, hata kama kijiji kizima hukubaliana navyo. Mkulima anayejaza lumbesa leo ndiye atakayelalamika kesho anaponunua sukari.

Kwa mlaji anayenunua

Paketi ya unga wa muhogo iwe na jina na anwani ya mzalishaji, uzito halisi, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Anayenunua makopa sokoni atazame rangi, anuse, avunje moja, na amuulize muuzaji maswali mawili: ulikuwa muhogo mtamu au mchungu, na uliandaliwaje? Muuzaji mwaminifu hujibu bila kusita. Asiyejua ametoa jibu pia.

Unga ambao historia yake haijulikani unaweza kupunguzwa sumu nyumbani kwa njia nyepesi iliyojaribiwa Msumbiji, Kongo na hapa Tanzania. Unga huchanganywa na maji hadi ulowane wote, kisha hutandazwa katika sinia au ungo kwa unene usiozidi sentimita moja, ukaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu iliyobaki hutoka hewani, ikipungua mara tatu hadi sita. Baada ya hapo unga hupikwa siku hiyo hiyo, kwa maji yanayochemka kama kawaida. Njia hii haiondoi sumukuvu, kwa hiyo isitumike kuokoa unga wenye harufu ya ukungu. Ugali wa muhogo uliwe pamoja na maharage, kunde, dagaa, samaki au mayai, kwa kuwa mwili huhitaji protini ili kuidhoofisha sianidi iliyobaki.

Mtu akitapika au kupata kizunguzungu saa chache baada ya kula muhogo, apelekwe kituo cha afya bila kungoja, na mhudumu aambiwe wazi kilicholiwa. Kilichobaki cha unga au makopa kisitupwe. Kihifadhiwe katika paketi yake pamoja na risiti, na afisa afya wa kata au ofisi ya TBS ya kanda ipewe taarifa ili toleo hilo lifuatiliwe kabla halijafika katika nyumba nyingine.